Ngazi 75 za The Exorcist na yaliyoachwa nje ya kamera

Ukisimama Mtaa wa Prospect, Georgetown, mjini Washington, ukatazama chini kwenye ngazi zinazoteremka hadi Mtaa wa M, kinachokushtua kwanza ni jinsi zilivyosimama wima. Vidato ni 75, vimegawanywa mafungu matatu, na njia ni nyembamba kiasi kwamba watu wenye mizigo wakikutana, mmoja lazima ampishe mwenzake. Ukishuka, mkono wako wa kushoto unafuatana na ukuta mrefu wa matofali wa jengo lililojengwa mwishoni mwa karne ya 19 kuwa karakana ya tramu. Jua halikai hapo muda mrefu. Asubuhi utawakuta wakimbiaji wakipanda na kushuka kwa mazoezi, jasho likiwatiririka.

Mtu ambaye hajaiona The Exorcist atapita zake. Aliyeiona anajua kwamba hapa ndipo padri Damien Karras alipoanguka na kufa, baada ya kumtaka pepo amwache mtoto wa watu na amwingie yeye.

Filamu hiyo ilitoka tarehe 26 Desemba 1973. Iliongozwa na William Friedkin, na hadithi yake iliandikwa na William Peter Blatty, kwanza kama riwaya mwaka 1971, kisha kama mswada wa filamu. Ilipendekezwa kuwania tuzo 10 za Oscar na ikapata mbili, ya mswada na ya sauti. Ilikuwa filamu ya kwanza ya kutisha kuingia katika kinyang'anyiro cha filamu bora ya mwaka. Zaidi ya miaka 50 imepita na bado wageni wanamiminika Georgetown kuzipiga picha ngazi zile. Mwaka 2015 mji wa Washington uliweka kibao rasmi chini yake, katika hafla iliyohudhuriwa na Friedkin na Blatty wenyewe pamoja na meya Muriel Bowser.

Wengi wetu tunaozungumza Kiswahili tuliijua Washington kwa redio, kupitia idhaa ya Kiswahili ya Sauti ya Amerika: mji wa marais, wa hotuba na wa mabunge. Georgetown ina historia ndefu kuliko hiyo. Ilianzishwa mwaka 1751 kama bandari ya tumbaku kwenye Mto Potomac, kabla mji mkuu wa Marekani haujawazwa. Ina nyumba za matofali zilizobanana, na kwenye mitaa ya O na P reli za tramu za zamani zingali zimelala katikati ya mawe.

Nimeipenda The Exorcist tangu ujanani, na nilikwenda Georgetown kwa sababu yake. Nimeondoka nikiamini hivi: filamu iliazima mahali hapa, na anayekwenda huko kwa ajili ya filamu ana wajibu wa kuyatazama pia yale ambayo kamera haikuyageukia. Anayeishia kupiga picha kwenye ngazi ameona nusu tu ya alichokifuata.

Mwongozaji aliyetaka mahali pa kweli

Tuanze na kile ambacho filamu ilikifanya, maana ni kazi ya mikono ya watu na inastahili heshima.

Blatty alisoma Chuo Kikuu cha Georgetown, ambacho wakati huo kiliendeshwa na mapadri Wajesuiti, na alihitimu mwaka 1950. Agosti 1949, akiwa bado mwanafunzi, gazeti la Washington Post liliandika habari za mvulana wa miaka 14 kutoka kitongoji cha Maryland, jirani na mji mkuu, ambaye mapadri walimsomea sala za kutoa pepo. Habari hiyo ilimkaa moyoni zaidi ya miaka 20. Alipoandika riwaya yake alimgeuza mvulana kuwa msichana wa miaka 12, akamwita Regan, akamfanya mtoto wa mwigizaji maarufu aitwaye Chris MacNeil, na kisa chote akakihamishia kwenye mitaa aliyokuwa akiipita kwenda darasani. Ngazi zilikuwa hapo tangu mwaka 1895. Yeye alizipa kifo.

Friedkin alikuwa ametoka kwenye filamu za maisha halisi kabla ya kupata Oscar kwa The French Connection, na tabia ile hakuiacha. Alitaka watazamaji waamini kwamba jambo hili linaweza kutokea kwenye nyumba yenye jikoni, simu na mfanyakazi wa ndani, katika mtaa ambao wanafunzi wanapita na vitabu. Kwa hiyo vuli ya mwaka 1972 alileta kamera Georgetown, majani yakiwa yamegeuka rangi na kuanza kupukutika.

Hapo mafundi walikumbana na tatizo. Nyumba iliyochaguliwa, iliyo kwenye kona ya Prospect na Mtaa wa 36, iko mbali na ngazi. Mtu akiruka dirishani angeangukia bustanini. Wakajenga nyongeza ya bandia ubavuni mwa nyumba, ikaelekea ngazini, ikiwa na dirisha ambalo Karras angelivunja. Kazi ilipokwisha wakaibomoa. Ndiyo maana mgeni anayefika leo hubabaika: anatafuta dirisha juu ya ngazi na halioni, kwa sababu halikuwahi kuwapo ila kwa muda ule wa kupiga picha.

Vidato vilifunikwa kwa raba yenye unene wa nusu inchi, kisha mwigizaji wa matukio ya hatari akajibwaga kutoka juu hadi chini. Alifanya hivyo mara mbili. Inasimuliwa kwamba wanafunzi wa chuo waliwatoza watu ada ili wapande kwenye mapaa ya jirani kutazama. Ukishazishuka ngazi hizi kwa miguu yako, goti likakukumbusha kila kidato, unaelewa kwamba raba ya unene ule haikumpa mtu yule kinga kubwa. Uigizaji wa aina hii haupewi tuzo, na jina la anayeufanya mara nyingi halitajwi.

Chini kabisa ya ngazi ndipo lilipopigwa tukio ambalo kwangu ni kilele cha filamu. Karras amelala akivuja damu, na rafiki yake, padri Dyer, anapiga magoti, anamshika mkono na kumuungamisha. Dyer aliigizwa na William O'Malley, ambaye hakuwa mwigizaji. Alikuwa Mjesuiti wa kweli. Usiku ule O'Malley alirudia tukio mara nyingi bila Friedkin kuridhika. Mwishowe mwongozaji akamuuliza kama anamwamini, naye alipojibu kwamba anamwamini, akamzaba kofi, akamsukuma mbele ya kamera. Mkono unaotetemeka ukitoa ondoleo la dhambi, ule tunaouona kwenye filamu, unatetemeka kweli. O'Malley alikisimulia kisa hicho mwenyewe baadaye. Leo hii mwongozaji anayempiga mtu kazini angeitwa mbele ya sheria, na ingekuwa haki. Hata hivyo nilisimama pale na kuiwaza mikono ile kwa muda mrefu.

Nyumba ya mama aliyekosa majibu

Barabarani mbele ya nyumba ndipo ilipopigwa picha iliyokuja kuwa bango la filamu: usiku, ukungu, taa ya mtaani, na padri Merrin, anayekuja kumtoa pepo, amevaa kofia na kusimama na mkoba wake, mwanga wa dirisha ukimmulika. Friedkin aliitoa kwenye mchoro wa René Magritte, mchoraji wa Ubelgiji, wenye nyumba iliyo gizani chini ya anga la mchana. Mchana wa kawaida mtaa huu hauna ukungu wowote. Una magari yaliyoegeshwa, mbwa wanaotembezwa, na vijana wanaokwenda kula kwenye baa ya The Tombs iliyo hapo kwa hapo, ambayo nayo imo katika filamu.

Ndani ya nyumba hii hakukupigwa kitu. Vyumba vilijengwa studio mjini New York, na chumba cha kulala cha Regan kiliwekewa mitambo ya kupozea hadi chini ya nyuzi sifuri ili pumzi za waigizaji zionekane kama moshi. Mtoto Linda Blair alikuwa pale na gauni lake la kulalia, na baridi ile hakuiigiza.

Mwenye nyumba wakati huo alikuwa Florence Mahoney, mwanaharakati wa afya aliyetumia miaka mingi kuwashawishi wakubwa wa Washington watenge fedha zaidi kwa utafiti wa tiba, na anayekumbukwa kwa kupigania kuanzishwa kwa taasisi ya serikali ya utafiti wa afya ya wazee mwaka 1974. Kwa hiyo nyumba inayojulikana duniani kama nyumba ya pepo ilikuwa ya mtu aliyeishi akiamini sayansi ya tiba.

Ukilijua hilo, filamu yenyewe unaitazama upya. Watu wengi wanakumbuka kichwa kinachozunguka na matapishi ya kijani. Wanasahau kwamba sehemu kubwa ya The Exorcist ni mama anayezunguka hospitalini na mtoto. Chris si mtu wa dini. Mtoto anapobadilika anampeleka kwa daktari, anapewa dawa. Hapati nafuu, anapelekwa kwa wataalamu wa ubongo, wanaoshuku hitilafu ya aina inayoleta degedege. Mtoto anachomwa sindano shingoni, damu inaruka, mashine zinagonga kwa kelele. Tukio hilo lilipigwa katika hospitali ya kweli mjini New York, na Friedkin alisema ndilo lililowatoa watazamaji wengi ukumbini kuliko matukio ya pepo. Baada ya hapo wanakuja madaktari wa akili. Ni pale kila mlango wa kitaalamu ulipofungwa ndipo mama anapomtafuta padri.

Msomaji wa Tanga, Kisumu au Bujumbura anaijua njia hiyo bila kuelekezwa. Amewahi kumsindikiza ndugu hospitali ya wilaya, kisha ya rufaa, kisha kwa mganga au kwenye maombi, na pengine kuanza huko na kuishia hospitali. Ndiyo maana filamu hii ya Wamarekani weupe wa Georgetown inatugusa.

Lakini hapa lazima niseme jambo bila kuzunguka. Katika filamu madaktari wanashindwa kwa sababu mwandishi aliamua washindwe. Katika maisha, degedege linalojirudia mara nyingi ni kifafa, na kifafa kina dawa. Kule Mahenge, mkoani Morogoro, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alikuta kuelekea uhuru wa Tanganyika wagonjwa wengi wa kifafa waliokuwa wakiogopwa na kutengwa na watu, akaanzisha kliniki kwa ajili yao. Waliopata dawa na kuzifuata walipata nafuu, wakarudi mashambani na jikoni kwao. Baadaye watafiti walihusisha kifafa cha eneo hilo na ugonjwa unaoenezwa na inzi wadogo wa mtoni, usubi. Mtu anaweza kuipenda The Exorcist kwa moyo wote, kama ninavyoipenda, na bado akampeleka mtoto wake kliniki kwanza.

Kikanisa kilichojengwa kwa ajili ya mtoto

Kutoka kwenye nyumba hadi lango la chuo ni mwendo mfupi wa miguu. Jengo linalokupokea ni Healy Hall, la mawe ya kijivu, lenye mnara wa saa unaoonekana hata ukiwa ng'ambo ya mto. Mbele yake ndipo Chris MacNeil, mwigizaji ndani ya filamu, anapoonekana akipiga filamu yake mwenyewe: ameshika kipaza sauti, anawatuliza wanafunzi wanaoandamana, naye Karras anatazama kutoka katikati ya umati. Ukiangalia kwa makini utamwona Blatty mwenyewe hapo, akiigiza mtayarishaji.

Ukipita nyuma ya Healy Hall unatokea kwenye ua wenye miti, na mbele yako ni kikanisa cha Dahlgren. Humu ndimo padri anapoingia na maua na kukuta sanamu ya Bikira Maria imenajisiwa. Ni dakika moja tu ya filamu, na hakuna damu inayomwagika, lakini ni mojawapo ya zile zinazoumiza, hata kwa asiye Mkatoliki, kwa sababu kila mtu ana mahali anapopaheshimu.

Kikanisa hiki kilifunguliwa mwaka 1893. Fedha zilitolewa na mume na mke, John Vinton Dahlgren na Elizabeth Drexel, kwa kumkumbuka mtoto wao wa kwanza, Joseph, aliyefariki akiwa mchanga. Friedkin alikuwa anatafuta madhabahu ya kunajisi kwenye hadithi ya mama anayepigania uhai wa mtoto wake, na akaweka kamera ndani ya nyumba iliyojengwa kwa machozi ya mama aliyempoteza wake. Sidhani kama watazamaji walihitaji kulijua hilo mwaka 1973. Sisi tunaofika hapo tunapaswa kulijua, tukaingia kwa adabu, kwani ibada zinaendelea humo hadi leo na wanafunzi wanafunga ndoa humo.

Watu 272

Hatua chache kutoka kwenye kikanisa liko jengo la zamani lenye jina la Isaac Hawkins. Watalii wa filamu hawalipigi picha. Hapa ndipo hadithi ya Georgetown inapokuwa nzito kuliko ya Blatty.

Mwaka 1838 Wajesuiti wa Maryland waliwauza watu 272 waliokuwa wakiwamiliki kama watumwa katika mashamba yao, kwa matajiri wa mashamba ya Louisiana. Bei ilikuwa dola 115,000. Sehemu ya fedha hizo ilitumika kulipa madeni ya chuo hiki. Aliyesimamia mauzo, padri Thomas Mulledy, alikuwa amewahi kuwa mkuu wa chuo. Katika orodha ya waliouzwa kulikuwa na wazee, akina mama wajawazito na watoto wachanga, na familia zilitenganishwa. Jina la kwanza kwenye mkataba ni Isaac, mzee wa familia ya Hawkins.

Jengo hilo kwa miaka mingi liliitwa kwa jina la Mulledy. Wanafunzi waliandamana mwaka 2015, jina likaondolewa. Aprili 2017 chuo pamoja na shirika la Wajesuiti waliomba radhi mbele ya wazao wa waliouzwa, na jengo likapewa jina la Isaac Hawkins. Jengo jingine likapewa jina la Anne Marie Becraft, mwanamke mweusi huru aliyefungua shule ya wasichana weusi hapa Georgetown katika miaka ya 1820, kisha akawa mtawa. Chuo pia kiliahidi kuwapa wazao wa wale 272 kipaumbele wanapoomba nafasi ya kusoma.

Healy Hall yenyewe, ile ya kwenye filamu, ina jina la Patrick Healy, aliyekuwa mkuu wa chuo kuanzia miaka ya 1870 na kukijenga upya. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Ireland mwenye shamba huko Georgia. Mama yake alikuwa mtumwa kwa sheria za wakati huo, na Patrick naye alizaliwa akihesabiwa mtumwa. Alipokuwa mkuu, watu wengi hawakuijua asili yake. Leo anatambuliwa kuwa mtu mweusi wa kwanza kuongoza chuo kikuu cha weupe nchini Marekani.

Na ukitembea tena kaskazini kidogo, katika mitaa ileile ya nyumba za matofali, unafika mahali palipokuwa na nyumba ya Yarrow Mamout, Mfulani aliyeletwa utumwani mwaka 1752 akiwa kijana, akapata uhuru mwaka 1796, na kununua kiwanja chake hapa mwaka 1800. Alikuwa Mwislamu na hakuacha swala zake. Mchoraji Charles Willson Peale alimchora mwaka 1819, mzee mwenye kofia na tabasamu la mtu asiyemdai mwenzake kitu. Alifariki mwaka 1823.

Msomaji aliyefika Mkunazini, Unguja, mahali ambapo kanisa kuu la Kianglikana lilijengwa juu ya soko la watumwa, hatahitaji kuambiwa kwa nini nimekaa hapa muda mrefu kuliko ngazini. Filamu inatuonyesha Mjesuiti mmoja anayeutoa uhai wake ili mtoto asiye wake apone. Ni hadithi nzuri, na naipenda. Uwanja uleule unatuonyesha Wajesuiti waliowauza watoto wasio wao ili deni lilipwe. Mambo haya mawili yanakaa umbali wa dakika tano kwa miguu, na hakuna linalolifuta jingine. Chuo kilichoweza kukiri la pili, kikaandika jina la Hawkins pale lilipokuwa la Mulledy, kimefanya kazi ngumu kuliko ya padri yeyote wa kwenye filamu, kwa kuwa pepo alitoka kwa saa mbili na deni hili bado linalipwa.

Magofu ya jangwani

Filamu haianzii Georgetown. Inaanzia Iraki, jua likichomoza, sauti ya adhana ikisikika, na wachimbaji wakifukua vifusi. Padri Merrin, aliyeigizwa na Max von Sydow, anakabidhiwa kichwa kidogo cha jiwe, na baadaye anasimama katikati ya magofu akitazamana na sanamu kubwa ya pepo Pazuzu.

Magofu hayo ni Hatra, mji wa kale kusini-magharibi mwa Mosul. Friedkin alikwenda huko mwaka 1973, wakati Marekani na Iraki hazikuwa na uhusiano wa kibalozi, akiwa na mafundi kutoka Uingereza na wafanyakazi wa Kiiraki. Joto liliwalazimu kupiga picha asubuhi na jioni tu.

Hatra ulikuwa mji wa biashara wa Waarabu, wenye mahekalu ambamo nguzo za Kigiriki na Kirumi zilisimama pamoja na matao ya mashariki. Kuta zake ziliwazuia makaisari wawili wa Roma, Trajan na Septimius Severus. Mwaka 1985 ulikuwa mahali pa kwanza nchini Iraki kuingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mwaka 2015 wapiganaji wa Daesh walizivunja sanamu zake kwa nyundo na kuzitungua kwa risasi. Majeshi ya Iraki yaliukomboa mwaka 2017, na tangu hapo wataalamu wa Iraki na wa nchi za nje wamekuwa wakizirudisha nyuso zilizovunjwa, kipande kwa kipande.

Na Pazuzu? Filamu ilimfanya adui wa mtoto. Watu wa Mesopotamia walimwogopa, walimjua kama mfalme wa pepo wabaya wa upepo, lakini walimtumia kama kinga. Kichwa chake kidogo cha shaba au jiwe kilivaliwa na mwanamke mjamzito ili kumfukuza Lamashtu, pepo wa kike aliyeaminika kuua watoto wachanga. Ni kama hirizi ambazo bibi zetu wa pwani waliwafunga watoto mkononi kabla ya arobaini. Kwa hiyo yule anayemtesa Regan alikuwa, kwa waliomwamini zamani, mlinzi wa watoto. Blatty alikuwa na haki ya mwandishi kumgeuza. Sisi tuna haki ya kumjua alivyokuwa kabla ya kugeuzwa.

Kwa anayetaka kwenda

Hatra inahitaji mipango, vibali na hali ya usalama. Georgetown ni rahisi kufika, na kwa maelfu ya wenzetu waliohamia Maryland na Virginia ni safari ya basi. Treni ya chini ya ardhi haifiki Georgetown. Wengi hushuka kituo cha Rosslyn, upande wa Virginia, wakavuka daraja la Key kwa miguu, na ngazi ziko karibu na mwisho wa daraja. Nenda asubuhi. Anza chini, usome kibao, kisha panda vidato vyote bila haraka, uone mwenyewe kwa nini Blatty hakuzisahau.

Ukifika juu, nyumba ni ya watu binafsi. Itazame ukiwa barabarani, usigonge, usiegemee uzio, usipige kelele. Kisha fuata Mtaa wa 36 hadi chuoni. Eneo la chuo liko wazi kwa mgeni mwenye heshima. Simama mbele ya Healy Hall, pita ndani ya ua, ingia Dahlgren kama hakuna misa.

Kama una watoto wakubwa, wapeleke. Wapigie picha ngazini, maana furaha ya kuisimamia ardhi uliyoiona kwenye filamu ni furaha halali na haina haja ya kuonewa aibu. Waeleze habari za raba, za dirisha la bandia, na za mtu aliyejibwaga mara mbili. Halafu wapeleke hadi kwenye jengo la Isaac Hawkins, walisome jina lake kwa sauti, na uwaambie aliuzwa mwaka gani, aliuzwa na nani, na fedha zake zilifanya nini. Wakiuliza kama pepo wa kwenye filamu yupo kweli, kila nyumba ina majibu yake ya imani. Kuhusu mauzo yale hakuna nyumba yenye haki ya kuyumba, maana mkataba upo na majina yameandikwa.